Kiganja Mgongoni mwa Upinde

9 Machi

Mvua ya kwanza imepiga leo alasiri, na mimi nimeanza kuandika. Fundi akiniona na kalamu ataniuliza naandika nini, nami nitamwambia naandika ili kupunguza mdomo. Si uongo. Kuzungumza na mume wangu siku hizi ni kama kuzungumza na gongo la mti, na gongo likikauka vizuri angalau huitika ukiligonga.

Magongo ndiyo maisha yetu. Ni vipande vya mti vilivyopasuliwa kwa ajili ya kuchongwa pinde, na yetu yamelala juu ya boriti za jikoni, mahali ambapo joto la mapishi huyafikia polepole. Kila moja limepakwa rangi kwenye ncha ili lisipasuke, na kila moja nimeliandika kwa chaki mwaka lilioingia. Hiyo ndiyo kazi yangu: kuyapanga, kuyageuza, kuyapima kwenye mizani mpaka uzito uache kushuka. Mti uliokatwa juzi una maji tele. Ukiuchonga upinde leo, kesho umelegea kama mlevi. Unausubiri miaka, na huwezi kuuharakisha. Fundi ana msemo wake kwa wateja: "Samaki mkunje angali mbichi, upinde mkunje ukishazeeka." Wateja hucheka. Mimi nimeusikia tangu harusi, kwa hiyo nacheka kwa ajili ya biashara.

Jambo moja dogo la leo. Wakati wa chakula cha mchana Fundi alifunua sufuria iliyokuwa bado inatokota, kwa mkono mtupu, akabaki ameshika kifuniko huku ananisimulia habari za Kocha, mteja wetu. Nikamwambia aache kujionyesha, mimi nilishamkubali zamani. Akacheka, akakiweka chini.

11 Machi

Mvua. Magongo yameongezeka uzito. Na mimi pia, ila mimi hakuna anayenipima.

14 Machi

Leo tumekaanga upinde wa kwanza wa Kocha. Huyu ni mwalimu wa klabu ya kulenga shabaha iliyo nyuma ya uwanja wa mpira, na ameagiza pinde kwa ajili ya mashindano ya baada ya mvua. Ni mtu mpole mwenye sauti kubwa, hajui kunong'ona hata msibani.

Naandika jinsi kazi hii inavyofanywa, maana leo imenisumbua. Upinde una mgongo na tumbo, kama mtu. Mgongo unatazama shabaha, tumbo linamtazama mpigaji. Ukivutwa, tumbo ndilo linalobanwa, na mti usiokazwa hujikunja na kubaki umejikunja. Basi tumbo linapewa moto. Tunaufunga upinde kwenye jiliwa, kile kibano cha benchi, tumbo chini mgongo juu, na chini yake tunasogeza bati refu la makaa. Moto wa kiasi hulikaza tumbo likawa gumu. Ukizidi, mti unageuka mkate wa juzi, na siku ukivutwa unakatika mkato mmoja bila hata kutoa onyo. Na gongo lililokaa sana darini linahitaji moto mdogo kuliko changa, kwa sababu halina maji ya kulikinga.

Sasa, utajuaje kiasi? Kwa Fundi hakuna saa. Rangi pia haiamini, hasa masika, ambapo karakana ina giza mchana kweupe. Yeye huweka kiganja mgongoni mwa upinde. Joto linapanda kutoka tumboni taratibu, likipenya unene wote wa mti, na pale kiganja kinaposhindwa kuvumilia, moto umefika, unaondoa. Ndivyo baba mkwe alivyomfundisha Fundi, na Fundi akanifundisha mimi mwaka wa kwanza wa ndoa, kiganja changu chini ya chake. Kisha upinde unaning'inizwa siku kadhaa unywe hewa kabla ya kuukunja.

Leo Fundi aliweka kiganja akaanza kusimulia. Nikasubiri. Harufu ikaja, ile tamu ya kawaida, kama mkate ukiiva. Ikapita, ikawa kali.

"Harufu imekuwa kali," nikasema.

"Bado."

"Baba, hii sasa ni moshi."

"Wewe pika chakula, mimi nipike upinde. Nikihitaji chumvi nitakuita."

Alipoutoa, tumbo lilikuwa na rangi ya kahawa nyeusi. Akaugeuza mara mbili, akausifu. Mimi nikazoa makaa.

15 Machi

Amefunga kitambaa mkononi. Nimekifungua kwa nguvu: malengelenge, kuanzia kiganjani mpaka kwenye vidole. Anasema alishika chuma. Nikamuuliza chuma gani. Akasema chuma ni chuma.

Fundi ana kisukari tangu binti yetu akiwa shule ya msingi, na sasa binti yetu ana watoto wake, mbali na hapa. Ugonjwa wake anauita mpangaji: yumo ndani, hasalimii, hahami. Vidonge anakunywa akikumbuka, na anakumbuka nikimkumbusha. Nimempaka dawa. Nilipokuwa natumbua lengelenge alikuwa anapiga mluzi.

18 Machi

Mvua. Bati la karakana linavuja pale pale pa mwaka jana.

21 Machi

Pinde mbili zimekwenda kwa Kocha. Fundi ameimba asubuhi nzima, na sauti yake si ya kuimba.

26 Machi

Leo nina la kuandika.

Kocha alikuja saa nne, amelowa, na chini ya koti alikuwa amebeba upinde vipande viwili. Aliviweka mezani taratibu kama mtu anayerudisha mtoto aliyeumia. Jana mmoja wa wanawake wa klabu aliuvuta mpaka mwisho, ukakatika juu ya kishikio, na kipande kikampasua juu ya jicho. Ameshonwa. Jicho ni zima.

"Ningesogea kidogo tu, Fundi, tungekuwa tunazungumza mengine," Kocha akasema.

Fundi alikivuta kipande mwangani, akakigeuza. Mimi nilishakiona kutoka nilipokuwa nimesimama. Mkato safi kama biskuti, na tumbo jeusi mpaka ndani. Upinde mbichi hauvunjiki hivyo. Mbichi hujikunja, hutoa nyuzi, hung'ang'ania. Huu ulikuwa umeungua. Aliyenifundisha tofauti hiyo ni Fundi mwenyewe, kwa hiyo nikasubiri aseme.

Akasema, "Gongo lilikuwa bichi."

Kocha akanitazama. Kila mtu anajua ni nani anayepanga magongo na kuandika miaka.

"Mama huyu anafanya kazi nyingi," Fundi akaendelea, kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. "Giza la masika, chaki inafutika. Gongo la mwaka juzi linaingia kati ya wazee. Hutokea. Nitakutengenezea mwingine."

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa mdomoni tayari. Lakini Kocha alikuwa pale, mwenye sauti yake ya kuita uwanja mzima, na nikamwona Fundi ameuficha mkono wa kitambaa nyuma ya aproni kama mtoto aliyevunja sahani. Nikanyamaza. Kocha akatufariji sote wawili: "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Akaondoka na mwavuli wetu.

Nilipanda juu ya boriti mchana huo huo, nikapitia gongo moja moja. Chaki zote zipo. Wala sikuhitaji kupanda. Nilipanda ili nisiwe chumba kimoja naye.

27 Machi

Sijasema naye. Yeye hajagundua.

28 Machi

Amegundua. Ameniletea chai, imejaa mpaka mdomoni, inamwagikia vidoleni mwake tangu jikoni. Chai ya moto, na hashtuki. Akaniuliza kwa nini nalia wakati yeye ndiye mwenye wateja wanaovunja pinde.

Nilikuwa nimekasirika kwa sababu amenisingizia. Hasira hiyo ilikuwa na raha yake na sasa sina hata hiyo.

3 Aprili

Ameteremsha magongo ya baba yake. Yamebaki mawili tu kati ya yale ambayo marehemu baba mkwe aliyakata akiwa na nguvu zake, kabla mimi sijakanyaga nyumba hii. Hayana chaki, hayahitaji. Ukiligonga moja linalia kama kengele ya shule. Tulikuwa tumeyaweka kwa siku ambayo hatukuitaja.

"Haya hakuna atakayesema ni mabichi," akasema.

"Hakuna aliyesema. Ulisema wewe."

Akajifanya anatafuta penseli iliyokuwa sikioni mwake.

Nikamwomba. Nikasema mti wa umri ule umeshakauka mpaka kwenye kiini, moto kidogo tu na kazi imekwisha, na kama lazima aukaange basi anipe mimi niweke kiganja. Akanijibu kwamba alikuwa akikaanga pinde mimi nikiwa bado naruka kamba. Ni kweli, kanizidi miaka mingi. Lakini kamba nilizoruka hazina uhusiano na vidole vyake.

6 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nilikuwa nafagia karakana, yeye anachonga. Mara akasimama.

"Nani amemwaga rangi hapa?"

Kulikuwa na madoa mekundu kwenye mti mweupe, yamepangana vizuri kufuata kisu kilivyopita. Nikatazama mkono wake. Kibanzi kirefu kilikuwa kimeingia kwenye kidole cha kati na kutokea upande wa pili, na damu ilikuwa inadondoka kwa utulivu kabisa.

Nikamshika kifundo, nikauinua mkono mpaka mbele ya macho yake. Alikitazama kile kidole kwa muda. Sijawahi kuona mtu akitazama mwili wake hivyo, kama kitu cha jirani kilichosahauliwa kwake.

"Huna hisia vidoleni," nikasema.

"Ninazo."

"Tangu lini?"

"Nimesema ninazo. Nina hisia kuliko wewe." Akakichomoa kibanzi, akakifunga kidole kwa kitambaa cha kufutia gundi, akaendelea kuchonga. Akachonga mpaka madoa yote yakatoka.

8 Aprili

Naandika kwa shida, lakini nisipoandika nitapiga kelele.

Nilificha makaa. Akanunua mengine. Nilimwita dada yake, yaani wifi yangu wa nyumba ya pili, ambaye mtaa mzima unamwita Redio kwa kuwa hazimiki. Nilimweleza habari yote nikitumaini atamtisha kaka yake. Akaja akasimama mlangoni, akasema "Mficha maradhi kifo humuumbua," kisha akaondoka kwenda kutangaza. Fundi akafunga mlango wa karakana, nikabaki ndani kwa sababu nilikataa kutoka.

Akalifunga gongo la baba yake kwenye jiliwa. Lilikuwa limeshakuwa upinde, na lazima niseme ulikuwa mzuri. Akasogeza makaa. Akafungua vitambaa vyote, akaweka kiganja.

Nilijua itakavyokuwa na nikasimama pale. Harufu tamu ikaja upesi, mapema mno, kama nilivyosema. Nikasema tayari. Akasema bado. Nikasema tena. Akasema nisimchanganye. Nikamvuta bega. Yeye ni mzito na mimi sina uzito wa kumsogeza mtu anayetaka kubaki alipo. Moshi ukaanza kutoka pembeni, mwembamba, na nikasikia harufu nyingine ambayo haikuwa ya mti.

Kopo la maji lilikuwa miguuni pangu. Nikalishika. Sikulimwaga. Maji yakigusa mti wa moto unapasuka pale pale, kila mtu wa kazi hii anajua, na mikono yangu ilikumbuka hilo kabla kichwa changu hakijakumbuka mume wangu. Nilisimama na kopo la maji nikiuhurumia upinde, huku yeye anaungua.

Alipoinua mkono kwa hiari yake, ngozi ya kidole cha kati ilibaki mgongoni mwa upinde. Aliiona. Nami nikaona kwamba ameiona.

"Sasa umeiva," akasema.

9 Aprili

Amekataa hospitali. Sikio la kufa.

13 Aprili

Redio imefika mbali. Leo mwenye duka la vifaa ameniuliza kama ni kweli Fundi hasikii. Nikamjibu anasikia vizuri sana, hasa asichoambiwa.

Fundi ameacha kumwamkia dada yake. Mimi ananiamkia.

14 Aprili

Upinde wa baba mkwe ulikuwa umekunywa hewa vya kutosha, akaamua kuutia ugwe, ile kamba yake. Aliuweka mguuni, akaukunja kidogo tu, kiasi cha kuingiza kitanzi. Ukakatika. Sauti kama mlango uliopigwa na upepo, na Redio akaja mbio kutoka kwake.

Fundi akakaa kwenye benchi. Nikamsubiri aseme ni mbichi. Akatazama dirishani, akasema, "Mvua hizi." Hakuna zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kumjibu na hakunipa cha kujibu.

17 Aprili

Hatimaye tumekwenda. Kilichompeleka ni harufu ya kidole, wala si maneno yangu.

Daktari ni mwanamke mdogo, mwenye mikono baridi. Alikitazama kidole. Kisha akataka kupima vidole vingine na mkono wa pili. Akamwambia, "Baba, fumba macho. Nitakugusa na hii sindano butu. Ukisikia, sema ndiyo."

Fundi akafumba macho. Daktari akagusa kidole gumba. Kimya. Akagusa kidole cha shahada. Kimya. Akagusa kiganja.

"Ndiyo," Fundi akasema, lakini mkono wa daktari ulikuwa umeshaondoka.

Akagusa tena, kimya. Akashusha sindano, akasubiri, hakugusa popote. "Ndiyo," akasema Fundi. Na tena, "Ndiyo." Alikuwa anabahatisha. Alikuwa amejaribu kuhesabu mwendo wa daktari kichwani ili aseme kwa wakati, kama mwanafunzi anayejibu kwa kumtazama mwalimu usoni, ila yeye macho alikuwa amefumba. "Ndiyo," kwa sauti ya uhakika kabisa. Daktari akanitazama. Nikatazama chini, nikaona amevaa viatu tofauti. Yaani Fundi, kimoja changu cha bustanini. Hata hicho hakukisikia mguuni.

"Nimepata ngapi?" akauliza alipofumbua macho.

Daktari akamweleza vizuri. Sukari imekula mishipa ya fahamu, imeila taratibu, miaka. Haitarudi. Asikaribie moto, asishike vyenye makali, atazame mikono na miguu yake kila siku kwa macho, kwa kuwa macho ndiyo yaliyobaki. Kidole kitajaribiwa dawa.

Njiani Fundi akasema, "Kumbe mpangaji amekata nyaya za umeme." Nikacheka, kisha nikashindwa kuacha kucheka, mpaka watu wakageuka. Yeye hakucheka.

20 Aprili

Mvua. Sindano asubuhi na jioni. Ananiuliza magongo yana uzito gani. Sijayapima.

23 Aprili

Weusi umevuka kiungo.

27 Aprili

Wamekikata. Kidole cha kati, mkono wa kulia, pamoja na kipande cha kiganja chini yake. Binti yetu amekuja na amekaa nami kwenye benchi la ukumbini. Ameniuliza kwa nini sikumzuia. Hakuuliza kwa ubaya. Nilimweleza kuhusu makaa niliyoficha, kuhusu bega nililovuta. Habari ya kopo la maji sikumwambia.

Alipozinduka, Fundi hakuuliza kuhusu kidole. Aliuliza nani amegeuza magongo.

2 Mei

Binti yetu amerudi kwake, watoto wanamngoja. Redio amekuja na uji wa kaka yake, akakaa saa nzima bila kusema neno. Nikamwona ni mzee. Tumemcheka mtaa mzima miaka yote hii, na leo ningetoa chochote azungumze.

6 Mei

Yuko nyumbani. Mvua zinapungua, siku nyingine ni manyunyu tu. Anakula kwa mkono wa kushoto, chakula kinaanguka, anatazama pembeni hadi niokote.

11 Mei

Kocha alikuja kutujulia hali. Kwa mara ya kwanza nimemsikia akisema kwa sauti ya chini. Alisema tusijali pinde, atatafuta kwingine, na yule mwanamke wa klabu amepona, anatusalimu. Fundi akamwambia, "Mmoja nitakupa. Nimesema mmoja." Kocha akanitazama kama alivyonitazama siku ile ya upinde uliovunjika, akiniomba mimi niseme hapana. Wanaume wote hawa wananitazama mimi kana kwamba nina rungu.

13 Mei

Gongo la mwisho la baba mkwe liko kwenye jiliwa. Analichonga kwa mkono mmoja. Nimemwambia la daktari. Nimemwambia la binti yetu. Nimemwambia kwamba naogopa, na hilo sikuwahi kumwambia. Akasema, "Basi kaa mbali." Jioni alinikuta nimekaa mbali, akaja kukaa karibu nami.

Mchongo si wake. Nusu ya chini ni nene. Zamani, upinde kama huo ukiwa wa mtu mwingine, angeutupa dirishani. Nilingoja alale mchana, nikapunguza unene kwa kipande cha kioo, kidogo kidogo, nikafagia vumbi. Alipoamka aliupitisha mbele ya macho, akasema mkono wa kushoto nao unajifunza.

16 Mei

Jua, siku nzima. Magongo yameanza kushuka uzito.

19 Mei

Amekaanga leo. Nilisema nitaondoka nyumbani siku atakayowasha makaa, na amewasha, na sikuondoka.

Alifunga upinde mwenyewe, kwa meno na mkono mmoja. Nilijua akimaliza kuweka kiganja cha kushoto, nitaupoteza na mkono huo, na baada yake sijui watakata nini. Safari hii kopo nililishika tangu mwanzo, na niliapa kwamba nitamwaga, mti upasuke, ukoo mzima upasuke. Alipoinua mkono wa kushoto, nikautangulia. Nikaweka kiganja changu mgongoni mwa upinde, pale pale alipotaka kuweka chake.

Nilidhani atanisukuma. Akasimama tu, mkono juu hewani.

Joto lilikuja taratibu. Kwanza kama ukuta uliopigwa na jua, kisha kama kikombe. Ile harufu tamu ikatoka. Nikasubiri aseme bado. Msimu mzima nimesikia bado.

"Unasikia nini?" akauliza.

"Joto."

"La kuvumilika?"

"Bado la kuvumilika."

Akasogea karibu. Nikasikia anavyopumua. Mkono ukaanza kuuma, ukauma sana, nikautoa, nikamwambia tayari. Akavuta bati la makaa kwa mguu bila kubisha hata neno moja. Tumbo la upinde lilikuwa na rangi ya asali, rangi ambayo sijaiona humu ndani tangu mvua zianze.

Akainama kuutazama kwa karibu. Halafu akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Mimi sisikii kitu, mke wangu. Tangu mwaka juzi."

Nilikuwa nimeyataka maneno hayo. Nimeyapigania, nimeyalilia, nimeleta watu mlangoni ili ayaseme. Ameyasema, na nilitamani ayarudishe, aniambie tena kwamba gongo lilikuwa bichi, kwamba ni chaki yangu. Mtu anayekusingizia bado anapigana na kitu.

Akauchukua mkono wangu uliokuwa umeiva kwa wekundu, akauweka ndani ya mkono wake wa kushoto, akaukaza. Aliukaza pale pale palipoungua, kwa nguvu zote za mtu wa kazi yetu, mifupa ikasogeleana. Alikuwa ananitazama usoni, ananisoma, kama daktari alivyomwambia asome kila kitu kwa macho.

"Nakuumiza?" akauliza.

Nikamwambia hapana.